Kabla ya kumpa mtu uamidi, lifungueni daftari la mitihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiuendeleza juu ya sifa za mtu anayefaa kukabidhiwa uongozi wa taaluma katika vyuo vikuu vyetu, kuanzia ukuu wa idara, uamidi (yaani ukuu wa kitivo) na urasi wa ndaki (yaani ukuu wa sehemu ya chuo inayokusanya idara kadhaa), hadi umakamu mkuu wa chuo. Wengi walioandika ni wahadhiri, nao wamezungumzia machapisho, shahada, miradi iliyoleta fedha na ufasaha wa mtu mbele ya hadhara. Mimi si mhadhiri. Kwa miaka 31 nilikuwa mtumishi wa ofisi ya mitihani katika chuo kimoja cha umma, nikaanza kama karani wa kupokea skripti, yaani vijitabu vya majibu ya watahiniwa, na kustaafu kama afisa wa mitihani wa kitivo, na katika muda huo niliwahudumia maamidi saba na wakuu wa idara wengi kiasi kwamba sikuwahi kuwahesabu. Lipo jambo nililoliona kutoka dirishani kwangu ambalo bado sijaliona likiandikwa, na nisingependa kukaa nalo kimya.

Katika ofisi yetu palikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mhadhiri aliyeleta skripti zilizosahihishwa pamoja na karatasi ya alama alitia saini ndani yake, mbele ya safu zilizoonyesha jina la somo, idadi ya skripti zilizotoka, idadi ya zilizorudi, tarehe aliyopangiwa na tarehe aliyozileta kweli. Daftari likijaa tulilifungia kabatini na kufungua jingine. Siku ninastaafu yalikuwa 19. Mtu asiyejua kazi yetu angeyaona kuwa makaratasi ya makarani tu, lakini mimi nilikuwa nikiyafungua nasoma tabia za watu, kwa sababu saini inayokuja wiki sita baada ya tarehe iliyopangwa, muhula baada ya muhula, na kila mara ikiwa na udhuru mpya, inaeleza habari ya mtu ambayo wasifu wake wa kurasa arobaini hauwezi kuieleza.

Ninachotaka kusema ni hiki. Heshima ya kiongozi wa taaluma, ile heshima ya kweli inayowafanya wahadhiri wenzake wanyamaze anapoanza kuzungumza ukumbini, huanzia katika namna anavyoishika kazi ya mtu mwingine anapokuwa peke yake nayo. Nazungumzia skripti ya mwanafunzi asiyemjua, sura ya tasnifu iliyoletwa asubuhi na mapema, faili la mhadhiri msaidizi anayesubiri kupandishwa daraja, na barua ya msichana anayeomba kuahirisha mwaka kwa sababu ni mjamzito. Vitu hivyo vyote vikifika mezani kwa mkubwa haviwezi kujitetea. Vikikaa vinakaa, na vikisomwa nusu hakuna anayejua isipokuwa yeye na Mungu wake, na wakati mwingine karani.

Amidi wa tatu kati ya wale saba alikuwa akifundisha somo la mwaka wa kwanza, ingawa taratibu zilimruhusu kupunguziwa vipindi na wengi waliomtangulia walikuwa wameitumia ruhusa hiyo ipasavyo. Mwaka mmoja somo lile lilikuwa na watahiniwa 215. Siku ya mwisho ya kurudisha alama alikuja saa tisa alasiri na skripti zake ndani ya kikapu cha ukili, kama kile ambacho mama zetu huendea sokoni, tukaanza kuhesabu. Zilikuwa 214. Tukarudia, zikawa 214. Orodha ya waliofanya mtihani ilikuwa na saini 215. Ingekuwa rahisi sana kuniagiza niandike kwamba mtahiniwa huyo hakufanya mtihani, maana kikao cha bodi kilikuwa keshokutwa na mwanafunzi ambaye skripti yake haipo hana pa kuanzia kujitetea. Yeye alivua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti cha wageni, akaanza kufungua kijitabu kimoja baada ya kingine, ukurasa kwa ukurasa. Saa moja jioni umeme ukakatika, mlinzi akatuletea chemli. Ilikaribia saa mbili alipoipata: kijitabu chembamba kilichokuwa kimepenya ndani ya kijitabu cha mwanafunzi mwingine, bila shaka wakati wa kukusanya. Alikuwa hajakisahihisha. Alikisahihisha palepale kwenye mwanga wa chemli, bila haraka, akajaza alama 63, akatia saini daftarini kwa tarehe ileile, akaniomba radhi kwa kunichelewesha na kumwambia dereva anipeleke mimi nyumbani kwanza. Sikuwahi kumsikia akikisimulia kisa hicho kwa mtu yeyote. Mwanafunzi mwenyewe hakujua kamwe kwamba kwa saa tano mwaka wake mzima wa masomo ulikuwa hautambuliki.

Naeleza kisa kimoja kirefu namna hii kwa makusudi, kwa sababu tunapoandika juu ya uadilifu tunapenda maneno makubwa, na maneno makubwa hayana chemli wala kikapu. Baada ya amidi huyo kukaa kitini mwaka mmoja tu, tarehe katika daftari zilianza kubadilika zenyewe. Hakutoa waraka mkali. Wahadhiri waliona kwamba mwenye kiti analeta alama zake siku iliyopangwa, kisha anapita ofisini kwangu kuuliza kwa sauti ya kawaida ni nani bado, na ikawa aibu kwa mtu kuwa yeye ndiye aliyebaki.

Sasa niseme na upande wa pili, ingawa sitataja jina la mtu wala la idara. Palikuwa na msomi mkubwa, mwenye machapisho mengi na sauti nzito, aliyewahi kukaimu uongozi wa juu kuliko idara. Mwanafunzi wake mmoja wa uzamili alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Rukwa, mama wa watoto wawili, aliyechukua likizo bila malipo ili amalize tasnifu. Alimkabidhi msimamizi wake sura tatu, akasubiri. Alikuja kwa basi mara ya kwanza, akaambiwa profesa yuko kwenye warsha Arusha. Alikuja mara ya pili, profesa alikuwa nje ya nchi. Mara ya tatu nilimkuta amekaa kwenye benchi la korido na mfuko wa mchele aliomletea katibu muhtasi, kwa sababu alishaona kwamba katibu muhtasi ndiye mtu pekee aliyemsikiliza. Baada ya miezi 14 sura zake zilirudi. Alikuja ofisini kwangu kuuliza tarehe za mwisho za kuwasilisha, akaziweka mezani, tukazifungua pamoja. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa na wino mwekundu. Kuanzia ya tano hapakuwa na alama yoyote, na kurasa kumi na moja za katikati, ambazo mashine ya kurudufu ilikuwa imezikata vibaya zikabaki zimeungana pembeni, zilikuwa bado zimeungana. Mama yule alipitisha kidole kwenye ukingo wake, hakusema neno. Mimi nami nilikosa la kusema, na hadi leo ninajilaumu kwamba sikuzipeleka kurasa zile kwa mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza.

Msomi huyo aliogopwa sana, na watu wengi wa nje ya chuo waliamini kwamba anaheshimiwa. Sisi tuliokuwa ndani tuliijua tofauti. Anayeogopwa husalimiwa kwa unyenyekevu mkubwa mbele ya watu, na siku muda wake unapoisha simu yake haiiti tena.

Wako watakaosema kwamba ninaupima uongozi wa chuo kikuu kwa kipimo cha karani, na kwamba Makamu Mkuu wa Chuo ana mambo mazito zaidi ya skripti: bajeti ya serikali isiyofika kwa wakati, majengo, migomo, wafadhili, wizara. Ni hoja ya haki, nami sitaki kuipuuza. Lakini nikitazama historia ya vyuo vyetu wenyewe ninaona kwamba walioacha alama katika mambo hayo mazito walianzia mahali palepale ninapopasema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Katika chumba chenye watu wachache namna hiyo kiongozi hana pa kujificha, kwa sababu kila karatasi ina uso wa mwenyewe. Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, na kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa Julai 1970, idadi ilikwisha kukua, na tangu hapo kazi ya kila kiongozi imekuwa kutafuta njia ya kuziona nyuso hizo zisipotee ndani ya idadi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Profesa Geoffrey Mmari, mwanahisabati, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka yake ya kwanza, kisha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1988, na baadaye Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hebu fikiria uzito wa hatua hiyo ya mwisho. Mtu ameongoza chuo kikongwe kuliko vyote nchini, chenye mlima wake na ukumbi wake wa Nkrumah, kisha anakubali kwenda kuanza chuo ambacho wanafunzi wake wako majumbani mwao Kigoma, Lindi na Bukoba, wengine walimu, wengine askari, wengine mama wanaosoma baada ya kulaza watoto. Chuo cha namna hiyo, hasa katika miaka ile ambayo intaneti ilikuwa haijawafikia watu, hakina cha kumwonyesha mwanafunzi isipokuwa karatasi inayokwenda na karatasi inayorudi. Zoezi lisiporudi, kwa mwanafunzi wa Kigoma chuo hakipo. Sisi wa ofisi za mitihani tulilielewa hilo haraka kuliko watu wengi, na kila nilipokutana na mhitimu wa Chuo Huria aliyesoma miaka ile ya mwanzo nilimwuliza swali moja tu, kama mazoezi yake yalikuwa yakirudi.

Profesa Matthew Luhanga naye, mhandisi aliyeiongoza Mlimani kwa miaka 15, kuanzia 1991 hadi 2006, anakumbukwa na wengi kwa mageuzi ya muundo wa chuo aliyoyasimamia na kwa uamuzi wa kuitumia ardhi ya chuo kuingiza mapato. Kuna waliokubaliana naye na kuna waliompinga, na mabishano hayo yaliendelea hata kwenye daladala za Ubungo. Ninachomheshimia mimi ni kwamba baada ya kuondoka madarakani aliketi akaandika aliyoyafanya na sababu zake, akayatoa hadharani ili wenye kupinga wawe na kitu cha kukishika. Viongozi wetu wengi huondoka na siri za ofisi kama watu waliobeba masanduku, na anayewafuata huanza upya kwa kubahatisha.

Nirudi kwenye ninayoyajua kwa macho yangu. Kikao cha bodi ya watahini ni mahali pazuri pa kumjua mtu. Majina yanasomwa moja moja, alama zinaonyeshwa ukutani, na pale kwenye mpaka wa kufaulu na kurudia mtihani, au wa kurudia mtihani na kile ambacho wanafunzi wanakiita kudisko, yaani kuondolewa masomoni, ndipo maneno ya pembeni huanza. Mkuu mmoja wa idara, mtu mfupi mwenye miwani minene, alikuwa mwenyekiti wa kikao siku ambayo jina fulani lilifika ukutani likiwa na alama 38. Aliinua mkono wake mwenyewe, akasema, "Mtahiniwa huyu ni mtoto wa dada yangu, naomba makamu mwenyekiti aendelee," akatoka. Nilikuwa mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo nilimwona kupitia dirisha la mlango ameketi kwenye benchi la madereva akisoma gazeti la jana. Kikao kilimjadili kijana kama walivyojadiliwa wenzake na kumpa mtihani wa marudio, basi. Mkuu wa idara aliporudi hakuuliza kilichoamuliwa, na nilipompelekea muhtasari kusaini aliuruka ukurasa ule. Katika miaka iliyofuata sikuwahi kusikia mhadhiri yeyote wa idara ile akimwendea mwenzake kuombea alama.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi, na magazeti yetu yameliandika mara nyingi, nalo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa, kwa hiyo hakuna kiongozi anayeweza kusema hajui. Tatizo huwa pale ambapo sheria iko makao makuu na mwanafunzi yuko ghorofa ya tatu saa kumi na mbili jioni. Mama mmoja aliyepewa ukuu wa idara katika kitivo chetu alianza kazi yake kwa kumwita fundi seremala. Alimwagiza akate nafasi ya kioo katika kila mlango wa ofisi ya mhadhiri, akianzia na mlango wake mwenyewe. Kisha akaweka utaratibu kwamba mwanafunzi anayetaka kuiona skripti yake aionee ofisini kwetu, mbele ya mhadhiri na karani, katika saa za kazi. Alilaumiwa na wenzake kwamba anawadhalilisha watu wazima, na kwa wiki kadhaa baadhi yao walibandika magazeti kwenye vioo. Hakugombana nao. Kila asubuhi alipita koridoni na kubandua gazeti moja, akagonga, akasalimia, akaendelea na safari yake. Mwishowe magazeti yalikoma. Wasichana wa idara ile walijua wamepata mtu, na hawakuhitaji kuambiwa.

Habari ya mama huyo hunikumbusha mara zote Profesa Wangari Maathai, ambaye dunia inamkumbuka kwa miti, lakini kabla ya hapo alikuwa mwanataaluma wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, na mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo kuanzia 1976. Katika miaka hiyohiyo ya sabini yeye na mwenzake walidai kwa mdomo na kwa maandishi kwamba wahadhiri wanawake wapewe stahili sawa na za wanaume, zikiwemo za makazi. Wanawake wengi waliofundisha pale baada yake walizikuta stahili hizo zipo tayari, na pengine hawakujua kwamba kuna aliyezigombania.

Lipo na suala la majina juu ya machapisho. Nimeona mara nyingi makala ya mwanafunzi ikipitishwa ofisini kwa mkubwa na kutoka ikiwa na jina la mkubwa mbele. Amidi wetu wa tano aliletewa makala na mhadhiri msaidizi aliyekuwa ameliweka jina lake amidi la kwanza, kama ishara ya adabu. Aliirudisha kesho yake, imejaa masahihisho ya penseli kuanzia kichwa cha habari hadi mwisho, na jina lake limekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni aliandika, "Nimeisoma, sikuiandika." Mhadhiri yule leo ni profesa, na karatasi hiyo ameiwekea fremu ofisini kwake.

Kuhusu ujasiri mbele ya wenye mamlaka nitasema machache, kwa kuwa haya hayakupita dirishani kwangu. Viongozi wa vyuo vyetu wamekuwa wakibanwa tangu zamani katikati ya serikali na wanafunzi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walioandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400, walifukuzwa, na Mwalimu Nyerere siku hiyohiyo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamelalamikia mishahara ya wakubwa. Mtu anaweza kuendelea kujadili kama kuwafukuza ilikuwa sahihi. Mimi naona adhabu ilikuwa kubwa mno, lakini ninaona pia kwamba aliisikia hoja yao na kuianzia mfukoni mwake. Kwa majirani zetu wa Uganda, Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Makerere, alichukuliwa na watu wa Idi Amin mwaka 1972 na hakuonekana tena. Anayekumbuka hilo hatasema kirahisi kwamba uongozi wa taaluma ni cheo cha kupumzikia.

Najua pia kwamba hali imebadilika. Tangu mikopo ya elimu ya juu ilipoanza kutolewa na Bodi ya Mikopo mwaka 2005, watoto wa wakulima na wavuvi wamefika vyuoni kwa wingi ambao sisi wa zamani hatukuuota, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mhadhiri aliyekuwa na wanafunzi 60 leo ana 600, na majengo ni yaleyale, na msaidizi wa kumsaidia kusahihisha hana. Kumlaumu mtu huyo kwa kuchelewesha alama bila kuutazama mzigo wake ni kumwonea. Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kiongozi mzuri katika hali hii ni yule anayekwenda mwenyewe kwa Makamu Mkuu kudai wasahihishaji wasaidizi, akiwa na hesabu ya skripti mkononi, badala ya kukaa ofisini na kuandika barua za onyo. Amidi wa mwisho niliyemtumikia alinikopa daftari langu kwa siku mbili, akanakili safu ya idadi, akaenda nayo kwenye kikao cha bajeti. Alirudi na nafasi tisa za wahadhiri wasaidizi. Wakuu wa vitivo vingine waliokwenda na malalamiko matupu hawakupata hata moja.

Na kuna adabu ndogondogo, ambazo hazina kanuni. Amidi huyohuyo wa mwisho, akiwa profesa kamili wa miaka hamsini na kitu, alikuwa akisema "Shikamoo" kwa mzee mlinzi wa getini kila asubuhi, akisimamisha gari na kushusha kioo, kwa sababu mzee yule alimpita umri. Madereva wa chuo kizima walilijua jambo hilo. Mzee alipofiwa na mkewe, basi la kwenda mazikoni Mkuranga lilijaa wahadhiri ambao hakuna aliyewaamuru.

Ndugu Mhariri, nina ombi mahususi kwa mabaraza ya vyuo na kwa kamati zinazoteuliwa kutafuta maamidi, marasi na makamu wakuu. Wagombea huleta wasifu, machapisho, barua za wadhamini na maono ya kurasa kumi. Ongezeni karatasi moja zaidi kwenye jalada la kila mmoja. Mwombeni afisa wa mitihani atoe taarifa ya miaka mitano: masomo aliyofundisha mgombea, tarehe alizopangiwa kuleta alama, na tarehe alizozileta. Ombeni kurugenzi ya masomo ya uzamili itoe orodha ya wanafunzi aliowasimamia, lini walianza, lini walimaliza, na ni wangapi waliacha njiani. Siku hizi hakuna hata haja ya daftari, kwa kuwa mfumo wa matokeo wa kompyuta unaandika wenyewe siku na saa ambayo kila alama iliingizwa. Taarifa hiyo ikiwa mezani, mwiteni mgombea aieleze. Aliyechelewa kwa sababu ya mzigo ataeleza mzigo, na aliyechelewa kwa sababu ya ugonjwa ataeleza ugonjwa, nanyi mtamsikia vizuri. Msiishie hapo, mwiteni pia mwanafunzi mmoja aliyemaliza chini yake na mmoja aliyeshindwa kumaliza, muwasikilize wote wawili kwa muda uleule mnaompa mdhamini kutoka ng'ambo.

Taarifa hizi hazigharimu chochote na hazihitaji sheria mpya. Yale madaftari 19 ya kitivo chetu yalikuwa kabatini, rafu ya chini, yamepangwa kwa miaka, siku nilipokabidhi ofisi. Ufunguo nilimpa kijana aliyenipokea, nikamwonyesha namna kitasa kinavyokwama. Katika miaka yangu yote pale waliteuliwa maamidi saba, na hakuna kamati hata moja iliyowahi kuuomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa wa mitihani mstaafu,
Muheza, Tanga.